VIATU VYA RABA: USAFI BILA MADHARA



AlhamduliLlaah, sifa zote njema anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), pamoja na ahli zake na Swahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, mada ya leo huenda ikawashangaza baadhi yenu: kufua viatu vya raba nyumbani. Mtu atasema, "Ustadh amekosa la kuandika?" Tunajibu kuwa hatukukosa. Mambo madogo ya nyumbani ndiyo yanayofanyika kila wiki bila ya mtu kuyafikiria, na jambo linalofanyika bila kufikiriwa ndilo linaloleta msiba wa ghafla.

Rai yetu tunaiweka wazi tangu mwanzo ili msomaji ajue tunaelekea wapi. Raba haihitaji dawa kali hata moja. Inahitaji maji, sabuni ya kawaida, brashi laini na subira. Na kazi hiyo aifanye mwenye viatu vyake, si mama yake wala mtumishi wa nyumbani. Kinachozidi hapo ni hatari tunayoiingiza ndani kwa ajili ya weupe tu.

KWA NINI TUNALIZUNGUMZA HILI

Zamani kidogo mtoto alikuja madrasa na kandambili, akazisuuza pale bombani, yakaisha. Leo karibu kila mtoto anavaa raba: raba hiyo hiyo ya shule, ya mpira, ya sokoni na ya madrasa. Hapa Bujumbura mvua zikianza, mitaa ya Buyenzi inageuka tope, na kiangazi kikiingia mwezi wa Juni tope lile lile linakuwa vumbi. Ndugu zetu wa Kigali, Kampala na Goma nao wana tope lao na vumbi lao. Na wengi wetu raba tunazonunua ni za mtumba, maana yake zimeshavaliwa na mguu mwingine kabla ya wetu.

Kisha mtoto anafika mlangoni, anavua, na chumba kizima kinajua kuwa amevua.

Yupo mwanafunzi aliyekuwa akikaa kando ya mlango kila siku, mbali na wenzake, na siku za mvua haji kabisa. Si mvivu, hifdhi yake ilikuwa nzuri kuliko ya wengi. Alipoulizwa kwa upole, faraghani, alisema anaona haya kwa sababu ya harufu ya viatu vyake, na kwamba wenzake wamempa jina. Tazameni, ndugu zangu: mtoto anakosa darsa kwa sababu ya jozi moja ya viatu ambayo hakuna aliyemfundisha namna ya kuifua. Hilo si jambo dogo.

Na dini yetu haikulidharau. Sote tunajua kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliwataka waliokula kitunguu saumu kibichi wasijongelee msikiti, ili wasiwaudhi wengine kwa harufu. Ikiwa chakula halali kimewekewa adabu hiyo, basi na sisi tuwe na adabu ya soksi na viatu tunavyoviacha mlangoni.

Harufu yenyewe inatoka wapi? Jasho likitoka halinuki sana. Vinavyonusisha ni vijidudu vinavyoishi kwenye ngozi na ndani ya kiatu, vinavyolila lile jasho na mabaki ya ngozi. Vijidudu hivyo vinapenda mahali penye joto, giza na unyevu, na raba iliyofungwa ina vyote vitatu. Hali hiyo hiyo ndiyo inayoleta fangasi wa miguu, ile ngozi inayobabuka na kuwasha katikati ya vidole. Kwa hiyo adui wa kwanza ni unyevu, kuliko hata uchafu. Shikeni neno hili, tutalirudia.

TAHARA KWANZA, WEUPE BAADAYE

Kabla ya kufua tujiulize: kiatu hiki kina uchafu wa kawaida au kina najisi? Tope na vumbi la njiani si sawa na mkojo wa mtoto, damu au kinyesi.

Imepokewa kutoka kwa Abu Sa'iyd Al-Khudriy (Radhwiya Allaahu 'anhu), katika Sunan ya Abu Daawuud, kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alikuwa akiswalisha na viatu vyake, kisha akavivua ndani ya Swalah. Swahaba nao wakavua. Alipomaliza aliwauliza sababu, akawaeleza kuwa Jibriyl ('Alayhis-salaam) ndiye aliyemjulisha kuwa vina uchafu. Kisha akaelekeza kuwa anayekuja msikitini aviangalie viatu vyake, na akiona uchafu aufute. Kuviangalia viatu, basi, ni mafunzo ya Mtume wetu, wala si mambo ya mitindo ya vijana.

Ama raba za kitambaa zilizonywa najisi, njia ya salama ni hii: ondoa kwanza najisi yenyewe kwa karatasi au kijiti, kisha mimina maji juu ya mahali hapo mpaka rangi na harufu viondoke. Usikitumbukize kiatu chenye najisi kwenye beseni la maji machache pamoja na vile vilivyo safi, kwa sababu maji yale yatanajisika na utakuwa umeieneza najisi badala ya kuiondoa. Baada ya kutoharisha ndipo ufue kwa sabuni kama kawaida.

Wako wanaodhani kuwa wakimwaga dawa kali yenye kunukia, basi kiatu kimetoharika. Sivyo. Dawa inaweza kuficha harufu na kufuta rangi, lakini kilichotakiwa ni maji. Na kwenye mkojo, dawa hiyo kali ina balaa jingine tutakalolieleza sasa hivi.

JAVELI NA DAWA YA CHOO

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, tunaomba msomaji atulie.

Karibu kila nyumba ina chupa ya javeli, ambayo ndugu zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania wengi wao wanaiita jiki. Jina la javeli limetokana na Javel, kijiji kilichokuwa kando ya Paris ambacho leo kimo ndani ya jiji lenyewe. Huko ndiko maji haya yalikotengenezwa mwishoni mwa karne ya 18, kutokana na kazi ya mwanakemia wa Kifaransa aitwaye Claude Berthollet, kwa ajili ya kung'arisha vitambaa. Ni dawa yenye manufaa ikitumiwa peke yake, kwa kipimo, mahali penye hewa. Lakini haivumilii kuchanganywa.

Ikikutana na asidi, kama dawa ya choo, siki au ndimu, inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo na pia kwenye mkojo uliokaa, inatoa gesi nyingine inayochoma macho na mapafu. Klorini ndiyo gesi ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia maadui zake karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tunaitaja tarehe hii ili mzazi afahamu kuwa hatuzungumzii harufu mbaya tu. Tunazungumzia kitu kilichotumika kuua watu vitani, na kinaweza kutengenezeka ndani ya bafu lako kwa chupa mbili za dukani.

Mmoja wa wanafunzi wetu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alitaka raba zake ziwe nyeupe kwa ajili ya Swalah ya 'Iyd. Usiku wa kuamkia sikukuu alijifungia bafuni, akamimina javeli kwenye beseni, akaona haitoshi, akaongeza dawa ya choo. Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa, inatuama chini. Na mtoto anayefua viatu amechutama, uso wake uko chini juu ya beseni. Alitoka akikohoa na macho hayaoni vizuri, na jirani ndiye aliyemkimbiza hospitali. AlhamduliLlaah alipona, lakini 'Iyd aliila kitandani, na kikohozi kilimkaa kwa wiki kadhaa. Zile raba, kwa anayetaka kujua, zilibadilika zikawa za njano.

Naam, za njano. Javeli haiondoi tope. Na kwenye vitambaa vingi vya raba, ambavyo ni nyuzi za plastiki na si pamba, inavigeuza rangi, inadhoofisha nyuzi za ushonaji na kuharibu ngozi. Mtu anahatarisha mapafu yake kisha anaharibu na viatu.

Hatari nyingine tunazoziona majumbani ni hizi:

1. Petroli au mafuta ya taa ya kutolea madoa. Mvuke wa petroli hauonekani, nao ni mzito, unatambaa sakafuni mpaka ulipo moto. Jiko la mkaa likiwa uani hatua chache tu, linaweza kuurukia. Petroli hiyo hiyo inalegeza gundi ya soli.

2. Dawa kutiwa kwenye chupa za maji au za soda. Dukani wanakupimia javeli kwenye chupa ya maji ya kunywa, nawe unaiweka pembeni ya beseni. Mtoto wa miaka miwili hasomi. Anaona chupa anayoijua, na ana kiu.

3. Kostiki ya kutengenezea sabuni. Wapo akina mama wanaojitafutia riziki ya halali kwa kutengeneza sabuni nyumbani, Allaah awabarikie. Kostiki hiyo isiguswe kwa ajili ya viatu hata kidogo, na iwekwe mbali na watoto, kwa kuwa inaunguza ngozi na koo.

4. Mchanganyiko wa siki na bikaboneti (ile soda ya unga inayotiwa kwenye maandazi) unaosifiwa sana kwenye simu. Huu hauna sumu, lakini povu lile linalowafurahisha watu ni viwili hivyo vikimalizana nguvu, na kinachobaki ni maji ya chumvichumvi. Sabuni ya kawaida inaushinda. Bikaboneti yafaa zaidi ikiwa kavu: kijiko kimoja ndani ya kiatu kikavu usiku, asubuhi ukakikung'uta, hupunguza harufu.

NAMNA YA KUFUA

Raba ina sehemu tatu: juu kitambaa au ngozi, katikati sponji laini, chini mpira. Zote zimeshikwa kwa gundi, na gundi inachukia joto. Ukifahamu hilo, mengine yote yanafuata:

1. Acha tope likauke, kisha gonganisha viatu nje na ulisugue kwa brashi kavu. Tope bichi ukilipaka maji linazama ndani ya kitambaa.

2. Toa kamba na zile soli za ndani, uzifue mbali. Harufu nyingi imo kwenye soli za ndani.

3. Chukua beseni dogo la maji ya baridi au ya uvuguvugu usiouma mkono, na sabuni ya unga kiasi cha kijiko kimoja. Sabuni nyingi haisafishi zaidi; inakaa ndani ya kitambaa, na jua likiipiga inaacha madoa ya njano.

4. Sugua kitambaa kwa brashi laini, na mpira wa chini kwa mswaki mkuukuu. Usivirowanishe viatu usiku kucha, sponji na gundi vitaharibika. Raba za ngozi zisitumbukizwe kabisa. Zipanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Zile za ngozi yenye manyoya laini zitoshee brashi kavu.

5. Suuza mpaka povu liishe, kisha kandamiza kwa taulo au kitambaa kikuukuu. Usiisokote raba kama nguo.

Wenye mashine za kufulia, hasa jamaa zetu walioko Ulaya na nchi za Ghuba, watazame kwanza maelekezo ya mtengenezaji wa kiatu. Kama anaruhusu, basi iwe raba ya kitambaa, ndani ya mfuko wa kufulia, kwa maji ya baridi na mzunguko mdogo. Mashine ya kukaushia isitumike.

Wala tusifanye israfu ya maji. Mtume wetu (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, kipimo kisichofika lita moja. Jozi ya viatu haihitaji bomba kuachwa wazi nusu saa, ilhali jirani yako anapanga foleni na madumu.

KUKAUSHA NDIO NUSU YA KAZI

Tulisema adui ni unyevu. Raba iliyofuliwa vizuri ikavaliwa mbichi itanuka kuliko ile isiyofuliwa. Ijaze karatasi kuukuu au vitambaa vikavu vinyonye maji, na uvibadilishe vikilowa. Kwa raba nyeupe tumia kitambaa cheupe, maana wino wa gazeti unahama. Ilaze kivulini penye upepo, ulimi umefunguliwa, siku moja au mbili. Jua kali la saa saba linakausha upesi, lakini linafanya soli nyeupe kuwa ya njano na gundi kubanduka.

Tunakataza, tena kwa msisitizo, kuanika viatu juu ya jiko la mkaa ndani ya nyumba wakati wa mvua. Si kwa sababu ya viatu tu. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wanalala wasiamke. Vilevile msiviweke juu ya vyombo vya umeme. Maji yanayodondoka na umeme havikai pamoja.

Kwa hiyo panga siku. Anayefua Alhamisi jioni asitarajie kuvaa Ijumaa asubuhi. Afue Jumatano. Na 'Iyd haiji kwa ghafla, tarehe zake tunazihesabu mwezi mzima. Yule mtoto wetu angefua siku tatu kabla, asingekuwa na haraka, na asiye na haraka hachanganyi dawa.

NANI AFUE?

Tunawaona vijana wenye miaka kumi na tano, sauti zimeshavunjika, mama anainama kuwafulia raba za mpira. Wakati huo kijana amekaa. Hili hatulikubali. Mtume wetu (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alikuwa akitengeneza viatu vyake kwa mikono yake na akiwasaidia watu wa nyumbani kwake. Kijana gani ana cheo kuliko hicho?

Mtoto wa miaka saba au minane anaweza kufua raba zake kwa maji na sabuni, mzazi akimwangalia. Na huu ndio uzuri wa njia tuliyoieleza: kwa kuwa haina dawa kali, ni kazi anayoweza kupewa mtoto. Nyumba inayofua kwa javeli haiwezi kumfundisha mtoto kufua, inamfundisha kujidhuru. Na mtumishi mnayemwachia kazi hiyo ni amana kwenu. Mwambieni waziwazi kuwa chupa hizi mbili hazikutani, wala msidhani kuwa anajua.

Atakuwepo wa kusema: "Ustadh, viatu vyeupe vikikaa na doa watoto wetu watachekwa shuleni." Tunaielewa haya ya mtoto, na tumeisimulia hapo juu. Lakini tutenganishe mambo mawili. Harufu inawaudhi watu, na tiba yake ni kufua na kukausha. Doa halimuudhi mtu. Kumfundisha mtoto kuwa raba safi yenye doa ni raba safi, hayo nayo ni malezi. Tukimwonesha kuwa heshima yake imo kwenye weupe wa soli, basi mwakani atataka jozi mpya, na mwaka wa pili tutaanza kusikia wapi ameipata.

IKITOKEA AJALI, Allaah atuepushie

1. Aliyevuta gesi atolewe nje kwenye hewa safi mara moja, na apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye. Anayemwokoa asiingie kubaki humo kuosha beseni.

2. Dawa ikiingia machoni, mimina maji safi juu ya jicho kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

3. Aliyekunywa javeli, kostiki, petroli au mafuta ya taa msimtapishe. Msimpe mawese wala maziwa ili atapike. Kinachotoka kinaunguza mara ya pili au kinaingia mapafuni. Asukutue mdomo, na mwende hospitali mkiwa na ile chupa mkononi, ili daktari ajue ni dawa gani.

Ndugu zetu, Shari'ah yetu imesimama juu ya kuondoa madhara, ya nafsi na ya wengine. Usafi tulioamrishwa hauwezi kuwa mlango wa kuwadhuru watoto wetu. Tunawaomba wazazi mfanye jambo moja baada ya kusoma haya: nendeni bafuni, itenganisheni chupa ya javeli na dawa ya choo, na iliyomo kwenye chupa ya maji muihamishe au muiandike jina na kuiweka juu mtoto asipofika. Kisha mwiteni kijana, mpeni beseni, sabuni na mswaki mkuukuu, mumwoneshe mara moja. Mara ya pili atajua mwenyewe.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) atutoharishe nyoyo zetu na nguo zetu, atuhifadhie watoto wetu, na awafungulie elimu wale wote wanaokaa karibu na mlango. Aamiyn.

Na Allaah ndiye Mjuzi zaidi.